Viti vya Magugu na Mstari wa Tisa

Kazi yangu ni kununua. Si kununua kwa ajili yangu, maana mimi nikienda sokoni hurudi na sukuma wiki na manung'uniko, bali kununua kwa ajili ya serikali: karatasi, mifagio, matangi ya maji, viti. Nimeifanya kazi hiyo hapa Kisumu kwa miaka ya kutosha kuwa na kikombe changu ofisini ambacho hakuna mtu mwingine anayethubutu kukinywea. Wenzangu husema nina kichwa kigumu. Mimi husema nina kumbukumbu nzuri. Mama yangu, aliyenilea kule milimani Vihiga kabla sijateremka kuja kutafuta riziki ziwani, alikuwa akisema tu kwamba sipendi kukosolewa, na yeye ndiye aliyenijua.

Nyuma ya stoo yetu kulikuwa na kilima cha viti vya plastiki. Vilikuwa vidogo, vya buluu, vya watoto wa chekechea. Kila mwaka tulinunua vipya na kila mwaka vilipasuka miguu, na kwa kuwa mali ya serikali haitupwi hivi hivi tu bila kamati kukaa na kukubaliana, vilirudishwa kwetu vikalundikana pale. Kuku wa mlinzi walitaga humo ndani. Mlinzi alikuwa mtu pekee aliyefurahia ule mpango.

Siku moja mtu ambaye hatujamjua mpaka leo alivitia moto. Moshi mweusi ulipanda ukaingia madirishani, na watu wa ghorofa ya pili wakateremka mbio wameshika pua. Mkurugenzi wetu, mwanamume mpole asiyependa kelele, alisimama uani akikohoa, akaniangalia.

"Madam," akasema, "hii moshi tumeinunua sisi wenyewe."

Nilitaka kumjibu kwamba tuliununua kwa kufuata taratibu zote, lakini macho yalikuwa yananitoka machozi. Juma lililofuata akaniita ofisini. Alitaka viti vya chekechea vya mwaka huo viwe vya kitu kisichochafua nchi, kitu ambacho kikivunjika kinaweza kurekebishwa, na kikizeeka kabisa kinaoza na kurudi udongoni. Aliniambia nitafute kwanza kama kitu hicho kipo. Nilitoka pale nikijisemea kwamba mkubwa wetu sasa ameanza kuota mchana.

Nilikipata Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya mji, na nilikipata kwa sababu ya njaa. Nilikuwa nimeenda kula samaki, na nyuma ya majiko ya kina mama wakaangaji nikaona kibanda cha mabati kilichojaa wanawake na kamba. Walikuwa wakisuka magugu maji, yale yale yanayofunika ziwa mpaka mashua zikashindwa kutoka. Waliyavuta majini, wakayaanika juu ya mawe mpaka yakawa ya kahawia, wakayasokota kamba, kisha wakazisuka kamba zile juu ya viunzi vya mbao za mikaratusi. Nilikalia kiti kimoja. Nimekalia viti vingi katika kazi hii na huwa sivisifu, lakini kile kilinipokea vizuri nikakaa mpaka samaki wangu akapoa.

Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, mrefu, aliyewahi kuuza omena, dagaa wa ziwani, kwa miaka mingi na sauti yake ilikuwa bado ni ya kuita mtu aliye upande wa pili wa ufuo. Alinieleza mambo yao bila kuzunguka. Walikuwa kumi na wawili. Vikapu vya kuwauzia wageni viliwapa kazi msimu mmoja na kuwalaza njaa msimu mwingine.

"Kila mwezi kuna mmoja ananiambia anarudi kwa omena," alisema. "Tukipata kazi moja kubwa ya serikali, watakaa. Tukikosa, kufika Krismasi mimi niko hapa peke yangu na hii magugu."

Pembeni alikaa mwanamke mwembamba mwenye mwanya, vidole vyake vikienda bila yeye kuviangalia. Huyo, mwenyekiti aliniambia kwa kumwonyesha kwa kidevu, ndiye msusi wao hasa. Wengine wote walijifunzia kwake. Nilipotaja watoto wa chekechea aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Na wakimwaga uji?" akauliza.

"Hilo nilitaka kukuuliza wewe."

Akachukua kitambaa chenye maji, akapangusa kiti, akakiweka juani. Kabla sijamaliza soda yangu kilikuwa kimekauka. Nikampenda papo hapo, kwa sababu napenda mtu anayejibu swali kwa mikono.

Niliwaambia kwamba zabuni itatangazwa, kila mwenye uwezo ataomba, na mimi siwezi kumpendelea mtu. Niliwaambia pia, nikiwa nimeinua kidole kama mwalimu mkuu, kwamba wengi huanguka kwa uvivu wa kusoma, kwa hiyo waisome hati yote na wasiruke hata mstari mmoja. Nilirudi ofisini nimejaa furaha. Nilijiona mtu wa maana sana, mama anayeokoa ziwa kwa kalamu.

Sasa lazima niseme jinsi hati za zabuni zinavyoandikwa kwetu. Hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Unachukua hati ya mwaka jana, unabadilisha tarehe, unabadilisha maelezo ya kitu, unapiga chapa, unamwachia Mungu. Ndivyo nilivyofanya. Nilifuta neno plastiki kila nilipoliona. Nikaongeza mistari mizuri: kwamba malighafi itoke karibu, kwamba muuzaji akubali kurekebisha kiti kikilegea, kwamba kisipakwe rangi yenye sumu. Niliisoma ile mistari yangu mipya mara tatu kwa jinsi ilivyonipendeza. Mistari ya zamani sikuisoma, maana niliiandika mwenyewe na nilijua haina kosa.

Kabla ya siku ya kufunga zabuni huwa tunawaita wanaotaka kuomba, waulize maswali yao mbele ya wote. Ukumbi ulikuwa umejaa siku hiyo. Mbele kabisa aliketi mfanyabiashara mmoja wa mjini, mnene, mcheshi, aliyekuwa akituuzia vile viti vya buluu miaka yote. Safari hii aliahidi kuleta vya mbao na mkonge kutoka kwa mafundi wake. Kina mama wa Dunga walikaa nyuma, wote kumi na wawili, wamevaa nguo za kanisani. Nilijibu maswali ya ushuru na ya tarehe kwa ufasaha, nikawa nimeanza kufunga faili, ndipo yule msusi akasimama.

"Madam, hii laini ya tisa," alisema. Alishika karatasi yake kwa mikono miwili. "Inasema viti kumi zikae juu ya ingine na zisiyumbe. Kiti ya kusuka haikai juu ya ingine. Tumbo yake inazuia. Ni ya nini?"

Mimi sikuwa na habari na mstari wa tisa. Mtu mwingine angesema, "Ngoja niangalie." Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu, mkurugenzi wangu yuko kando, na faili nimekwisha kuifunga. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama, darasa hufagiliwa," nikasema. "Viti vikipangwa, mwalimu anapata nafasi ya kufagia. Ama kwenu mnafagia mkiwa mmesimama juu ya viti?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mfanyabiashara alicheka mpaka akatoa leso. Msusi naye akacheka kidogo, akaketi. Nilifunga mkutano nikiwa nimejisikia vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka, kwamba nilijisikia vizuri.

Asubuhi ya pili yake, chai yangu na mandazi viko mezani, nikaichukua hati ya mwaka uliotangulia nione huo mstari ulitoka wapi. Ulikuwa pale pale, nambari tisa. Viti vya plastiki hupangwa kimoja juu ya kingine, kila mtu anajua, na ndiyo sababu nilikuwa nimeuandika. Kwa viti vya kusuka haukuwa na maana yoyote. Nilikuwa nimefuta plastiki kwenye maneno yote nikaiacha kwenye mstari mmoja usioitaja.

Nafasi ya kusahihisha ilikuwapo. Unaandika waraka wa marekebisho, mkubwa anautia saini, anapelekewa kila mwombaji. Una sehemu ya kueleza sababu. Nilikaa na kalamu mbele ya ile sehemu ya sababu mpaka chai ikaganda utando juu. Ningeandika nini? Kwamba jana nilimdhihaki mama wa watu mbele ya ukumbi kwa swali ambalo lilikuwa sahihi kuliko hati yangu? Nikajitia hamnazo. Nikajiambia kina mama hawataujali mstari mmoja, wataleta viti vyao vizuri, na kamati itakuwa na huruma. Niliyajua yote mawili kuwa ni uongo. Hati ikishatoka, kamati hupima kilichoandikwa, na kina mama wale niliwaagiza mwenyewe wasiruke kitu.

Dhamiri ilinisumbua siku chache, kisha ikanipeleka Dunga. Kisheria sikupaswa hata kukaribia kile kibanda wakati zabuni iko wazi, kwa hiyo nilisimama upande wa samaki, nikijifanya nachagua ngege. Kutoka pale niliwaona. Walikuwa wameketi duara. Mmoja alisoma mstari wa hati kwa Kiingereza, mwingine akautafsiri kwa Kijaluo, kisha wote wakaujadili, kila mmoja na fikira zake, mpaka wakakubaliana unadai nini. Ndipo msomaji akaweka alama kwa kalamu na kwenda kwa mstari unaofuata. Nilikuwa nimeshawahi kuona jambo hilo mahali pengine. Ndivyo kina mama wa huku wanavyosoma Biblia Alhamisi mchana, aya kwa aya, na hakuna aya inayorukwa eti kwa sababu ni ngumu.

Nyuma yao viti vya zamani, vile vilivyonipokea vizuri, vilikuwa vimefumuliwa vyote. Viunzi vilikuwa vitupu, na vipya vimeegemezwa ukutani, miguu imetanuliwa chini na kubanwa juu. Msusi alikuwa akisuka kiti kisicho na tumbo, kamba nyembamba kama uzi wa kiatu, imekazwa kwelikweli. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimefungwa vitambaa.

Mwenyekiti aliniona, akaja. Nilishika ngege wa karibu.

"Madam, hatuongei tenda," akasema kabla sijafungua kinywa, maana alizijua sheria kunishinda. "Tunaongea samaki."

"Naam. Samaki."

"Huyu ni wa leo asubuhi. Na sisi tuko tu sawa. Tunasoma neno." Aligeuka akamwangalia msusi wake, na fahari ikamjaa usoni. "Huyo amekataa kulala mpaka zikae kumi."

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Nilihitaji sentensi moja tu. Nikanunua ngege wawili, nikaenda zangu.

Siku ya kufungua zabuni walikuja na mkokoteni kutoka Dunga. Juu yake vilisimama viti kumi, kimoja juu ya kingine, vimefungwa kwa kamba ya magugu, na kina mama wakitembea kando, wawili mbele, wawili nyuma, wakizuia pikipiki. Watu wa maduka walitoka kuangalia. Mlinzi wetu aliwafungulia lango kubwa, lile la magari ya wakubwa, bila kumwuliza mtu.

Kamati ilipima mchana kutwa. Viti vya mfanyabiashara vilikuwa vizuri, sitavisingizia. Mbao safi, mkonge umesukwa kwa ustadi. Lakini juu ya kile cha sita mnara ulianza kuinama, na cha saba kilipowekwa ukaanguka. Kwenye karatasi yake ya mahitaji, mstari wa tisa ulikuwa umewekewa alama na mtu ambaye ni wazi hakuusoma. Vya kina mama vilisimama kumi. Mjumbe mmoja wa kamati alivisukuma kwa kiwiko. Mwingine alipiga meza. Vilisimama. Nilikuwa mwandishi wa kamati, nikaiandika kumi yao kwa furaha, na pia kwa aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Kina mama wa Dunga wakashinda.

Furaha yenyewe haikudumu. Siku ya nne mkurugenzi aliniita. Mezani pake kulikuwa na barua ya mfanyabiashara, na haikuwa ya ucheshi. Alilalamika kwamba mstari wa tisa uliandikwa makusudi kumtoa yeye na kuwaingiza kina mama, kwa sababu ni nani anayepanga viti vya kusuka? Alitaka zabuni ifutwe.

"Ana swali nzuri," mkurugenzi alisema kwa upole. "Hiyo laini ilitoka wapi?"

Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Zabuni ikifutwa, tungeanza tena mwaka mwingine wa fedha, na kabla ya hapo kina mama wangekuwa wametawanyika, mwenyekiti na magugu yake peke yake kama alivyoogopa. Hadithi ya kufagia ilikuwa tayari, ingetoka bila kujikwaa. Ila barua ile ingeimeza hadithi ile kwa tonge moja. Kilichoweza kuwaokoa kina mama kilikuwa kwenye kabati langu, na kilikuwa ni uzembe wangu, wenye tarehe na saini yangu. Mimi ni mtu ambaye unga wake unatoka kazini humo humo. Nilipiga moyo konde, nikaenda kuileta hati ya mwaka jana.

Mkurugenzi aliziweka hati mbili kando kwa kando. Alisoma mstari wa tisa hapa, akausoma pale. Neno kwa neno, nukta kwa nukta.

"Na ile mambo ya kufagia?"

"Nilitunga," nikasema. "Pale pale nikiwa nimesimama."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Aliniambia niandike yote, kwamba mstari ni wa hati ya kale, kwamba nilijua siku moja baada ya mkutano na nikanyamaza. Kisha akamwita mfanyabiashara, akamwonyesha hati zote mbili. Yule bwana alisoma polepole, midomo ikicheza, akafika mahali akasimama.

"Ngoja," akasema. "Si hii ni tenda yangu? Hii laini mliandika kwa sababu ya viti zangu za plastiki?"

"Ndiyo."

Akaegemea nyuma akacheka, tumbo likitikisika, akatafuta leso. "Kwa hivyo nimetolewa na viti zangu mwenyewe." Aliichukua barua yake ya malalamiko akairudisha mfukoni. Alisema hata mahakamani angeona aibu kuieleza. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo imo kwenye faili langu mpaka leo, na nilistahili.

Nilidhani yamekwisha. Viti vilianza kutoka Dunga, darasa baada ya darasa. Watoto walivipenda kwa sababu havikuwachoma mapaja jua likiwa kali. Kiti kikilegea kinarudi kibandani, kinakazwa upya, kinarejea shuleni. Na walimu, naomba Mungu anisamehe, huvipanga kimoja juu ya kingine wakati wa kufagia. Mwalimu mmoja alinishukuru kwa kuwa na wazo hilo, nikaanza kumwuliza habari za mvua.

Lakini siku ya kutia saini mkataba niliwahesabu kina mama walipokuwa wakipiga picha uani. Walikuwa kumi na mmoja. Nilimwuliza mwenyekiti kama mmoja ni mgonjwa.

"Msusi ameenda Usenge," akasema. "Kwa dada yake. Amerudi kwa omena."

"Lakini mmeshinda."

"Alimaliza hizo kumi, akaniambia, 'Nimekumalizia, sasa niache.'" Alifunga na kufungua mkoba wake. Yule mama mwenye sauti ya ufuo mzima aliongea kwa sauti ndogo. "Madam, vidole vinapona. Ni ile siku ya kuchekwa. Kule nyumbani walimtania mpaka akachoka. Wanamwita mama wa kufagia."

Nilikwenda Usenge Jumamosi. Sikumwambia mtu. Nilipitia Bondo, nikanunua mkate na sukari kwa kuwa huendi kwa mtu mikono mitupu, na njia nzima nikapanga maneno yangu kama hotuba.

Ufuo ulikuwa umetandazwa nyavu, na juu ya nyavu omena zimeanikwa mpaka zinaumiza macho kwa kung'aa. Msusi alikuwa ameinama katikati. Alinitambua mara moja. Aliangalia viatu vyangu vya ofisini, akaangalia ziwani, ambako wingu lilikuwa linakuja, akaniwekea ufagio mkononi.

"Kusanya upande huo," akasema. "Ikinyesha zitaoza."

Nilikusanya. Hotuba ikanitoka kwa vipande, nikihema, huku nafagia samaki. Nilimwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi. Nilimwambia mstari ulikuwa wa plastiki, kwamba sikuujua siku ile, kwamba nilijua kesho yake na nikanyamaza. Nilimwambia nimeyaandika yote kwa mkubwa wangu na nimepewa onyo. Nilimwambia samahani. Mvua ilianza matone makubwa makubwa, tukaburuta nyavu mpaka chini ya mabati, tukakaa juu ya magunia, nikinuka omena mpaka kwenye nywele.

"Barua umeandikia mkubwa wako," akasema. "Mimi uliniambia ya kufagia mbele ya watu."

Nilichomoa omena iliyonasa kwenye kiatu changu.

"Nilijua niko sawa. Tangu tusome hiyo laini nilijua, hiyo ni ya plastiki. Lakini wote wakacheka. Na mimi nikacheka, ndio nisikae peke yangu." Alivunja mkate, akanipa kipande. "Hiyo ndiyo ilinikasirisha. Si wewe. Ni vile nilicheka."

Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipokuwa msichana. Nililia kidogo, na sitasingizia moshi. Yeye hakunibembeleza, alikula mkate wake. Mvua ilipopungua alisimama kuangalia ziwa.

"Mwezi ikiwa kubwa taa haivuti omena, haishikiki," alisema. "Wiki hiyo huwa sina kazi hapa. Naweza kuja Kisumu. Lakini usinitumie salamu na mwenyekiti. Mkiwa na mkutano, mimi nitakaa tu nyuma."

Mkutano uliofuata ulikuwa wa vikapu vya taka vya ofisi zote, vilivyokuwa vya plastiki na sasa tulitaka vya kusuka. Nilipanga siku kwa kuangalia mwezi, jambo ambalo sikulieleza kwenye kumbukumbu za kikao. Ukumbi ulijaa kama mara ile. Vikundi vilikuja kutoka ufuo wote, mfanyabiashara yuko mbele na leso yake, mkurugenzi kando. Safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, mwenyekiti wa Dunga aliketi, na pembeni yake mwanamke mwembamba mwenye mwanya.

Kabla ya ajenda nilisimama nikayasema. Nilisema kwamba katika mkutano uliopita mama mmoja aliuliza swali juu ya mstari wa tisa, kwamba swali lilikuwa sahihi na hati ndiyo iliyokosea, kwamba sababu ya kufagia niliitunga kwa sababu sikutaka kuonekana sijui. Mtu mmoja alianza kucheka, kisha wawili, kisha ukumbi mzima, mfanyabiashara kuliko wote. Safari hii walikuwa wakinicheka mimi. Niliwaacha wamalize. Nilimwangalia msusi. Hakuwa anacheka. Alikuwa amefungua hati yake mpya, anasoma.

Kicheko kilipotulia aliinua mkono.

"Madam, laini ya sita," akasema. "Inasema kikapu ipimwe kwa lita. Sisi hatujazi maji. Tupime na nini?"

Watu wakageuza shingo kwangu. Nilifungua ukurasa. Nikausoma mstari wa sita kuanzia mwanzo hadi mwisho, kimya, bila haraka, na yeye akanisubiri akiwa amesimama. Kisha nikamwambia kwamba sijui, kwamba nitaangalia na kuwajibu wote kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaketi.